Bimkubwa miguu inavimba tangu mwezi wa tatu, Lasix haisaidii, wakuu nisaidieni

Mwana wa Muheza (mleta uzi)

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni. Naandika kwa simu mnivumilie. Ngoja nimwage yote maana nimechoka kupiga simu huku na huku.

Bimkubwa wangu ana miaka 71, yuko nyumbani Muheza mie nipo Dar kibaruani. Ana presha ya siku nyingi na magoti yanamsumbua kama wazee wote. Sasa tangu mwezi wa tatu miguu inavimba, yote miwili, kuanzia kwenye vifundo inapanda hadi katikati ya ugoko, asubuhi akiamka inakuwa nafuu ila ikifika saa kumi jioni ni kama imepulizwa, ndala zinamwachia mistari, vile viatu vyake vya kuendea shughulini haviingii kabisa, anaenda harusini na malapa, na hilo linamuuma kuliko uvimbe wenyewe (mnawajua mama zetu).

Alienda duka la dawa pale mtaani, binti wa dukani kumwangalia tu akasema mama una maji mengi mwilini, akampa Lasix, vile vidonge vya kukojoza maji. Kweli alikojoa, siku tatu za mwanzo tukashangilia, baada ya hapo miguu ikarudi vilevile. Akarudi, akaambiwa ameze mbili. Na anameza usiku pamoja na dawa zake zingine ili asisahau, kwa hiyo anaamka mara nne mara tano kwenda chooni na choo chetu kiko uani. Juzi kateleza kwenye kile kijingazi akaangukia mkono. Mungu saidia haukuvunjika.

Jirani anasema hayo ni matende. Shangazi anasema kuna kitu kakanyaga, katupiwa, na aliyetupa anamjua kwa jina. Mdogo wangu kapekua mtandaoni kasema figo, siku hiyo nyumba nzima haikulala. Mie nimebaki katikati. Kuna mtu ameshapitia hii kitu?

Chapati Mbili

Pole sana mkuu. Naweka kiti hapa nisubiri wajuvi, mama mkwe naye ana hiyo shida.

Babu wa Handeni

Mwanangu, sisi zamani maji ya moto na chumvi ya mawe, anatumbukiza miguu robo saa kila jioni halafu anasuguliwa na mafuta ya nazi kutoka chini kwenda juu. Uchovu wote unatoka.

Kijana wa Mbagala

Mkuu usipuuze. Mjomba wangu alianza hivihivi tukasema uzee. Akawa anavimba miguu, tukamwambia punguza kukaa. Halafu akaanza kulala amekaa kwenye kochi, tukajua anaangalia mpira usiku, kumbe akilala chali anakosa pumzi! Hakusema, mzee wa kiume hasemi. Akawa anapumzika mara mbili kutoka sebuleni hadi getini, umbali wa hatua ishirini. Siku tuliyomkimbiza Muhimbili kwenye ile taasisi ya moyo wakampiga echo, ile ya kuangalia moyo unavyopampu, ndo tukaambiwa moyo umetanuka na umechoka, maji yanarudi nyuma yanajaa kwenye mapafu na miguuni. Alikuwa ameongezeka kilo sita na sisi tunamsifia amenenepa. Yuko hai sasa hivi anakunywa dawa zake na mzani ameuweka chumbani, kila asubuhi akitoka kukojoa anapanda, ikizidi kilo mbili ndani ya siku tatu anampigia daktari wake.

Kwa hiyo swali langu la kwanza, bimkubwa analala na mito mingapi?

Tabibu Mstaafu

Nimekaa zahanati na wodini miaka zaidi ya thelathini, sasa nafuga kuku, kwa hiyo chukueni haya kama ushauri wa jirani, siwezi kumtibu mtu kwa kioo cha simu.

Kwanza muelewe kwamba kuvimba miguu siyo ugonjwa, ni king'ora. King'ora kinaweza kulia sababu ya moto au sababu paka kapita, na kazi ya kwanza ni kujua kipi kati ya hivyo. Huyo binti wa dukani kazima king'ora bila kuangalia jikoni.

Mleta uzi nijibu haya. Ukimbonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko ukahesabu mpaka kumi taratibu, ukitoa kinabaki kishimo au hapana? Mguu mmoja umezidi mwingine? Akiamka asubuhi uso na kope vinavimba? Mkojo unafanya povu kama la sabuni? Tumbo limekuwa kubwa? Anahema akitembea? Mito mingapi, kama alivyouliza kijana hapo juu, swali zuri sana hilo. Na mchana anakaa wapi muda mrefu?

La mwisho ndo muhimu kuliko yote. Nataka DAWA ZOTE anazotumia. Zote. Siyo "dawa za presha", nataka jina na namba iliyoandikwa kwenye pakiti, pamoja na za kununua dukani, za magoti, za mitishamba, za kupewa na jirani. Mpigie mtu aliye nyumbani amwage mfuko mezani apige picha.

Mwana wa Muheza

Daktari shikamoo, na asante sana. Nimempigia mdogo wangu wa mwisho yuko nae. Kafanya yote.

Kishimo kinabaki, kabisa, kama umebonyeza unga wa maandazi. Miguu yote sawa. Uso hapana, povu hapana, tumbo lake ni lilelile la siku zote (kasema niwaambie hivyo). Mto mmoja, tena mwembamba. Hahemi, juzi kapanda hadi kwa dada yake kule mlimani. Mchana anakaa barazani kwenye kiti anachambua mchele na kupiga soga, miguu inaning'inia toka saa nne mpaka alasiri.

Mfuko wa dawa sasa, mie mwenyewe nimeshangaa. Amlodipini ya 10. Lasix ya 40, mbili kila usiku. Diklofenaki anameza mbili kwa siku za magoti, anasema "hivi vyekundu vya dukani", sijui tangu lini, pengine mwaka. Halafu kuna unga wa mti kwenye kopo la Blue Band wa kuongeza damu. Nikamuuliza presha si ulikuwa unameza tano? Akasema ndio, mwezi wa pili kliniki presha ilikuwa juu wakaongeza kuwa kumi.

Mwezi wa pili wameongeza. Mwezi wa tatu miguu imevimba. Nimekaa naangalia hii meseji nusu saa.

Tabibu Mstaafu

Marahaba. Nilitegemea hivyo ndo maana nilikazania mfuko.

Amlodipini ni dawa nzuri ya presha, imeokoa watu wengi kupooza, msianze kuitukana humu. Ila kuvimba vifundo vya miguu ni tabia yake inayojulikana kabisa, inampata zaidi anayetumia 10 kuliko 5, na wanawake zaidi ya wanaume. Inatanua mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayorudisha haitanuki kwa kiwango kilekile, basi huko chini mgandamizo unapanda na maji yanachujika kutoka kwenye damu kuingia kwenye nyama za mguu. Mtu akikaa amening'iniza miguu kutwa ndo yanazidi kushuka. Ona sasa, mwili haujajaza maji kupita kiasi, maji yamekaa mahali pasipo pake tu. Ndo maana Lasix inamkojolesha mpaka ulimi unakauka na miguu iko palepale.

Hii ni hadithi ya kila siku wodini. Dawa ya kwanza inaleta dalili, dalili inaonekana ugonjwa mpya, ugonjwa mpya unaletewa dawa ya pili. Ya pili inamwamsha usiku anaanguka, inashusha potasiamu misuli inakaza, inapandisha gauti kidole kinamuuma, kwa hicho kidole anaongezewa diklofenaki. Nimeona mzee kaingia na vidonge viwili katoka mwaka unaofuata na tisa.

Na hiyo diklofenaki hainifurahishi hata kidogo. Hizi dawa za maumivu za kundi hilo, ibuprofeni nayo imo, zinafanya figo zishike chumvi na maji, kwa hiyo zenyewe zinavimbisha miguu, na zinapandisha presha! Inawezekana kabisa presha ilipanda mwezi wa pili kwa sababu ya vidonge vya magoti, wakaongeza amlodipini kwa sababu ya presha, miguu ikavimba kwa sababu ya zote mbili. Mzee wa miaka 71 kumeza hizo kila siku mwaka mzima bila kupimwa figo siyo mchezo.

Kwa hiyo apelekwe hospitali, na MFUKO WOTE aende nao, usibaki hata ule unga wa mti. Apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, kipimo cha mkojo kuangalia protini (ni kile cha kijiti, hakina gharama kubwa), kreatinini (inaonyesha figo zinavyochuja) na potasiamu, wingi wa damu, sukari, ini na albumini (protini ya kwenye damu) kama wanayo. Daktari akisikia kitu kwenye moyo atamwandikia echo. Hata kama mimi na ninyi tumeshajiaminisha ni amlodipini, hayo yapimwe, kwa sababu mzee anaweza kuwa na sababu mbili tatu kwa pamoja.

Fundi Redio

Sasa si aache tu hiyo amlodipini leo? Kwani mpaka afike hospitali?

Tabibu Mstaafu

@Fundi Redio HAPANA. Mzee mwenye presha ya 180 akiachishwa dawa na watu wa mtandaoni, miguu itanywea halafu atapooza upande. Mguu uliovimba unavumilika wiki moja, kiharusi hakivumiliki. Daktari ndo ataamua, mara nyingi wanarudisha 5 na kuongeza ya kundi lingine kama losatani, ambayo pia husaidia kupunguza huo uvimbe, au wanabadilisha kabisa. Na akianza losatani arudi baada ya wiki moja mbili kupima tena figo na potasiamu. Losatani, Lasix na diklofenaki zikikutana kwenye mwili mmoja wa mzee figo zinaweza kulala chini ndani ya siku chache.

Kitu kimoja anachoweza kufanya leo bila kumsubiri mtu ni kuiweka diklofenaki pembeni, magoti atumie Panadol kwa kipimo chake na kitambaa cha uvuguvugu. Na Lasix kama daktari ataamua iendelee basi inamezwa asubuhi. ASUBUHI jamani. Nani alisema dawa ya kukojoa inamezwa wakati wa kulala?

Mjukuu wa Likoni

Niko Mombasa, nimeingia nichangie kwa upande wa mguu mmoja maana hamjaugusa. Nyanya yangu alitoka Busia kwa basi kuja kwetu, usiku kucha na nusu ya siku ya pili, hakushuka hata pale watu wanaposhuka kula, alikuwa anaogopa ataachwa. Baada ya siku mbili mguu wa kushoto pekee ukafura, muundi ukawa na joto na ukimgusa kwa nyuma anaruka. Mamangu akataka kuukanda na mafuta. Jirani yetu nesi akapiga ukelele, usimkande, usimkande! Kumbe damu imeganda ndani ya mshipa, na ukikanda lile donge linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu, mtu akaenda hivyo hivyo. Alipigwa ultrasaundi ya mguu akapewa dawa za kuyeyusha damu miezi kadhaa. Sa hii yuko sawa, anatusumbua.

Kwa hiyo mukiona mguu mmoja, ghafla, na maumivu, ni hospitali siku hiyohiyo. Na ikija na kukosa pumzi au kifua kuuma, musingojee hata kuvaa viatu.

Tabibu Mstaafu

Umemaliza kila kitu hapo. Niongeze kidogo tu, huyo nesi alikuwa sahihi kuzuia kukanda, ila dawa anazopewa hazimumunyishi lile donge lenyewe, zinazuia lisikue na lisizaliwe lingine, mwili ndo unalimaliza polepole. Ndo maana mtu akiacha njiani kwa kujiona mzima anarudi wodini.

Na mguu mmoja unaweza pia kuwa ngozi imeingia bakteria, hasa mzee mwenye sukari au fangasi katikati ya vidole, pale panapooza na kuchanika ndo mlango wenyewe. Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu, kwa ngozi zetu wekundu huuoni vizuri, utaona imeiva, inang'aa, ina joto, na mzee ana homa na anatetemeka.

Chapati Mbili

Na yale matende aliyosema jirani? Maana mama mkwe yeye ni wa Kilwa na wa kwake ni mguu mmoja lakini ni wa miaka mingi.

Tabibu Mstaafu

Jirani hakukosea kufikiria, Tanga na ukanda wote wa Pwani mpaka Lindi na Mtwara, na Unguja na Pemba, ugonjwa wa mabusha na matende umekaa sana. Mbu wanaouleta huku kwetu ni pamoja na hawa wa kwenye vyoo na maji machafu, minyoo inakaa kwenye mishipa ya limfu inaiharibu. Ndo zile dawa mlizokuwa mnamezeshwa kijiji kizima, ivamektini na albendazoli. Ila matende hayaji kwa wiki sita. Yanajenga kwa miaka, mara nyingi mguu mmoja unauzidi mwenzie, mtu anakuwa na vipindi vya homa na mitoki inauma, na yakikomaa ngozi inakuwa nene na ngumu, ukibonyeza haibonyei, asubuhi na jioni hali ni ileile. Uvimbe wa bimkubwa wa Muheza unapungua usiku na unabonyea kama unga wa maandazi. Tofauti hiyo.

Mama mkwe wako apelekwe kituoni, siyo wa kukata tamaa. Kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kukausha katikati ya vidole mpaka pakauke kweli, kuuinua, kutibu kila kidonda hata kiwe kama tundu la sindano. Inaonekana kazi ndogo lakini ndo inayozuia zile homa, na kila homa inauongeza mguu.

Mama Wawili

Habari zenu ndugu zangu. Mimi nipo Minnesota, kazi yangu huku ni kuhudumia wazee kwenye nyumba zao, kwa siku naweza kuvalisha soksi za kubana miguu kumi na mbili, mgongo wangu unajua. Naona hamjazungumzia soksi na huko nyumbani sikuhizi zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya hospitali.

Soksi zile siyo soksi za joto. Zina namba ya mbano, ya kawaida 15-20, yenye nguvu 20-30, na zinabana zaidi kwenye kifundo zikipanda zinalegea. Zinavaliwa asubuhi KABLA mzee hajashusha miguu chini, ukichelewa mpaka saa nne umeshafunga maji ndani na kuvalisha inakuwa vita. Vaa glovu za mpira za kuoshea vyombo ndo utaweza kuivuta, hii siri nilifundishwa na bibi mmoja wa miaka 90 mwenyewe. Isikunjane nyuma ya goti, mkunjo unakata kama kamba. Usiku vua, angalia ngozi, paka mafuta. Na vipimo vya mguu vichukuliwe asubuhi, siyo unakadiria kwa macho eti mama anavaa namba 39.

LAKINI msikurupuke kununua. Mzee mwenye sukari ya muda mrefu, au miguu ya baridi, au anayeumwa nyama za mguu akitembea kidogo akisimama inaacha, huyo inawezekana damu haifiki vizuri kule chini, ukimbana unamletea kidonda cha vidole. Waguse kwanza mapigo ya miguu hospitali. Na wa moyo kama mjomba wa Mbagala asibanwe kabla moyo haujatulizwa, yale maji ukiyasukuma juu yanaenda wapi?

Wengine hawahitaji hata soksi. Nina mzee mmoja hapa alikuwa analala kwenye kiti usiku kucha tangu mkewe afariki, hataki kile kitanda. Miguu kama magogo. Tulimhamishia kitanda kingine chumba kingine. Wiki mbili tu miguu yake ikanywea, na Lasix yake daktari akaifuta.

Babu wa Handeni

Sasa mimi na maji yangu ya moto mmeniacha wapi?

Mama Wawili

Babu shikamoo. Maji ya vuguvugu yanampa raha na kulala vizuri, hilo hakuna anayekataa, ila uvimbe hayatoi. Na mwenye sukari miguu ina ganzi hasikii joto, nimeona mzee ameungua vidole vitatu ndani ya beseni huku anasema maji mazuri haya ongeza. Upimie joto wewe kwa kiwiko chako.

Mpishi wa Kisamvu

Naomba niulize la jikoni maana wanaume hamliulizi. Anakula nini huyo mama?

Mwana wa Muheza

Ugali au wali, dagaa, ng'onda, papa mkavu wa nazi anampenda kupita kiasi, kisamvu, maharage. Chai na mkate jioni.

Mpishi wa Kisamvu

Haya hesabu na mimi. Ng'onda na papa wamekaushwa kwa chumvi, hapo tayari. Kwenye mchuzi unatia chumvi ya kawaida na kile kipakiti cha viungo ambacho ukikisoma nyuma cha kwanza kabisa ni chumvi. Kisamvu na maharage mnatia magadi yaive haraka, na magadi nayo ni sodiamu, watu hawajui wanadhani chumvi ni ile nyeupe ya kopo tu. Wanasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa KILA kitu alichokula. Bimkubwa amemaliza kijiko mchana kabla ya jioni. Mama yangu tulimtoa magadi, maharage tunayaloweka usiku, na papa tunamloweka tunamwaga maji mara mbili halafu mchuzi wake hautiwi chumvi tena, tunaweka ndimu na pilipili na tangawizi. Wiki ya kwanza aligoma kula. Wiki ya tatu alikula harusini akasema pilau la watu lina chumvi.

Na chai na mkate kila jioni siyo chakula, mzee akikosa protini damu inashindwa kushika maji, anavimba kwa njaa huku anaonekana kanenepa. Yai, maziwa, samaki mbichi.

Tabibu Mstaafu

Mpishi hapo umefundisha darasa. Ila msipunguze maji ya kunywa kwa kufikiri ndo mnapunguza uvimbe, hilo ni la wagonjwa wa moyo au figo wakiambiwa na daktari wao. Mzee anayenyimwa maji kwenye joto la Tanga atazimia.

Mwana wa Muheza

Wakuu nimerudi, najua nilipotea. Nilichukua ruhusa siku tatu nikaenda mwenyewe. Hospitali tulipita dirisha la wazee hatukukaa sana. Nilimwaga mfuko mezani kwa daktari kama nilivyoelekezwa, dada wa watu akaupanga mstari akatazama, akacheka kidogo, akauliza nani kakwambia uje na zote. Nikasema kuna babu mmoja anafuga kuku.

Mkojo hauna protini. Moyo kausikiliza, kapigwa ile ya waya kifuani, kasema hauna kelele na echo isubiri kwanza. Ini na sukari sawa. Kreatinini imepanda kidogo, kasema hiyo ni diklofenaki na Lasix, itapimwa tena. Potasiamu ilikuwa chini. Amlodipini imerudi 5, Lasix imefutwa, diklofenaki imefutwa. Losatani kasema tusianze leo figo zipumzike, ataiongeza tukirudi. Unga wa mti kasema hajui una nini ndani kwa hiyo upumzike na wenyewe, hapo ndo bimkubwa alinuna.

Mchana sasa hakai tena kibarazani muda wote. Baada ya kula adhuhuri anajilaza kitandani nusu saa, mito miwili chini ya miguu iwe juu ya kifua, maana daktari kasema kigoda cha kuwekea miguu hakitoshi, haifiki juu ya moyo. Na akikaa anachezesha vifundo, juu chini, juu chini, mara ishirini kila akimaliza ungo mmoja wa mchele. Wajukuu wanamhesabia.

Kijana wa Mbagala

Safi sana kaka. Usiache kurudi kupima.

Mwana wa Muheza

Wiki ya sita leo. Tulirudi mara mbili, kreatinini imeshuka, potasiamu imekaa sawa, losatani imeongezwa na presha juzi ilikuwa 138 kwa 82. Miguu ilianza kunywea kama wiki ya pili hivi, jioni kidogo bado inajaa lakini ugoko unaonekana mfupa. Usiku anaamka mara moja, na taa ya uani nimeweka. Shangazi anasema ni lile kombe alilomnywesha kwa siri ndo limefanya kazi, nimemwacha.

Jumamosi kulikuwa na harusi kwa majirani, kavitoa vile viatu chini ya kitanda, kavivaa, vimeingia. Akazunguka navyo sebuleni mara mbili halafu akavivua, akasema vimepitwa na wakati, nimtumie hela ya vingine.

Chapati Mbili

😂😂 Bimkubwa ana haki. Mtumie, na akapimwe mguu jioni siyo asubuhi.